Majogoo wa Jikoni Kwangu

Nyumba yetu ya Kitengela tuliinunua ikiwa imekamilika, na jikoni mwake kulikuwa na majogoo. Vigae vya rangi ya chai ya maziwa vilizunguka kuta zote mpaka usawa wa kichwa changu, na kila baada ya vichache palikuwa na kimoja chenye picha ya jogoo mwenye mkia wa buluu. Aliyevichagua simjui. Miaka yote niliyopika humo, majogoo hao walinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Lakini si wao walioninyima raha. Ni mama mkwe wangu. Yeye ni Mmaasai wa kule ndani Kajiado, na kwao nyumba hujengwa na mke: mwanamke husimamisha fito, hukanda udongo, samadi na majivu, hukandika ukuta kwa viganja vyake, na nyumba inakuwa yake. Mimi ni Mkamba wa Machakos, sikuwahi kujenga hata banda la kuku. Alipokuja kutuona mara ya kwanza alizunguka vyumba vyote, akasifu, kisha akaniuliza ni nani aliijenga. Nikamwambia fundi.

"Basi ni nyumba ya fundi," akasema huku akicheka.

Nilicheka naye, ila iliniuma. Tangu hapo alikuja mara nyingi, akala, akabeba wajukuu, lakini hakuwahi kulala. Jioni ikikaribia alikuwa akiwakumbuka mbuzi wake. Nilitaka alale kwangu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka friji mpya, na sikumwambia mtu.

Tulipoamua kuipaka nyumba rangi, fundi tuliyemwita aliingia jikoni, akagonga vigae kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa.

"Madam, hii tunavunja yote tunaweka mpya. Ukuta ikitoka nayo, tutapiga plasta tena."

Nyumba yetu imekaa juu ya udongo mweusi wa huku, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na kuta zina nyufa zake tayari. Sikutaka nyundo iziguse. Nikasema vigae nitavipaka rangi mimi mwenyewe. Mume wangu alinitazama, akaitazama brashi.

"Uko na homa?"

Nilianza nyuma ya jiko la gesi. Rangi ilikaa vizuri, nikajipongeza, na kabla wiki haijaisha ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Jogoo akachungulia tena. Mume wangu alitoka nje. Kicheko chake nilikisikia kutoka kwenye tanki la maji.

Hasira ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nakwangua ile rangi kwa nguvu pale kidole kilipoteleza. Mafuta! Chapati na maandazi ya miaka yote yalikuwa yamelala juu ya vigae vile, na chini yake ule mng'ao usioshika kitu. Sasa mimi nishindwe na mafuta? Nimekua nikisugua masizi ya sufuria kwa majivu na mchanga hadi mama aone uso wake. Nikachota majivu kwenye jiko la makaa, nikayachekecha, nikasugua kuta zote kwa kitambaa kibichi, nikasuuza, kisha nikapiga msasa mpaka kila kigae kikafifia. Viganja vilichubuka nami nikaimba. Ukuta ulipokauka nikapaka rangi ya chini ya kushikisha, halafu rangi yenyewe ya vigae, kijani cha majani ya maharagwe, mara mbili. Siku zote hizo tulipika nje, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nilikuwa nimebakisha pembe ya nyuma ya friji mama mkwe alipofika bila taarifa.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai kutoka mlangoni.

"Iko, yieyo," nikamwitikia, nikimwita mama kama wanawe wanavyomwita. Sikuweza kumpa mkono kwa sababu ulijaa rangi.

Aliangalia kuta, akaangalia nyuma yangu. "Fundi iko wapi?"

"Hakuna fundi, yieyo. Ni mimi."

"Wewe? Na mkono yako?"

Nikamwonyesha. Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaona michubuko na majivu yaliyonasa kwenye kucha. Kisha akaniachia na kupitisha kiganja chake ukutani polepole, kutoka dirishani hadi mlangoni, nadhani kama anavyoukagua ukuta wa kwake. Alifika nyuma ya friji akasimama, maana hapo palikuwa na jogoo mmoja.

"Hii umewacha."

"Nilikuwa nafika hapo, yieyo."

"Maliza. Mimi nangoja."

Akakaa kwenye stuli, akanitazama nikimfunika jogoo wa mwisho. Hakunisifu. Jua lilipoanza kushuka, mume wangu alichukua funguo za gari kama kawaida.

"Yieyo, twende nikupeleke. Mbuzi wanakungoja."

"Mbuzi italala tu," akasema, akiinama kuvua viatu. "Leo nalala kwa nyumba ya huyu."

Nilikimbia kumtandikia kitanda bila hata kunawa, nikilia na kucheka pamoja. Shuka lile lina alama za vidole vya kijani mpaka leo, na ole wake atakayejaribu kuzitoa.