Meli Iliyozibwa kwa Pamba

Juzi nilikata ua wa minyaa. Utomvu wake mweupe ukanitiririkia mkononi, na harufu ile kali ikanikumbusha meli yangu ya utotoni.

Niliiunda kwa mabua na bati la kopo la mafuta, nikiiga picha ya kalenda: meli fupi ya kuvuta matishari ya mizigo, yenye gurudumu la makasia kila ubavu. Magurudumu yalizungushwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nyufa niliziziba kwa pamba yetu wenyewe, iliyoloweshwa utomvu huo, ambao hutaka siku tatu za jua ili ukauke.

Siku ya pili mjomba aliichukua. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia kijijini, naye aliutaka uwakala wa mmoja wao, tajiri aliyependa vijana mafundi.

“Mtoto wa kike na meli wapi na wapi?” alisema. “Nitamwambia tajiri kaiunda mwanangu. Imekauka?”

“Imekauka, mjomba.”

Kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, mbele ya watu, meli ilikwenda kidogo, ikanywa maji, ikazama. Tajiri akacheka, akamshika binamu yangu begani.

“Si kitu, fundi. Tengeneza nyingine hapa hapa, nione.”

Binamu akamtazama baba yake. Mjomba akanitazama mimi niliyekuja kuteka maji.

“Mwanangu,” akaniita, kwa mara ya kwanza, “hebu msaidie mwenzako.”

Nikajitwisha ndoo yangu.

“Mtoto wa kike na meli wapi na wapi, mjomba?” nikamjibu, kwa sauti ya kumfikia tajiri.