Wiki Walimu Tulipougua Sote

Hakuna aliyetamka neno mgomo. Tulikuwa katika ofisi ya walimu, mlango umefungwa, redio inapiga kelele ili wa nje wasitusikie, na mwalimu wa jiografia, mama mmoja mpole, akasema anahisi homa inamjia. Mwingine akasema hata yeye. Kabla chai haijaisha, chai ya rangi isiyo na sukari kama tulivyoizoea, karibu kila mtu mle ndani alikuwa na homa ya kuanza kesho.

Mishahara ilikuwa haijaja tangu mvua zilizopita. Wanafunzi waliandikia magotini. Sukari na sabuni walipata waliojuana na wanajeshi. Sisi tulinunua kwa magendo au tulikaa bila. Lakini nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi, na mtu aliyesimama barabarani na bango hakuonekana tena. Kuugua hakukuwa kosa kwa sheria yoyote niliyoifahamu. Nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule, nikidhani nafahamu sheria zote.

Mmoja tu alikataa, mwalimu wa hesabu, mtu mzima kuliko sisi wote.

“Ugonjwa si wa kuchezea, vijana,” alisema. “Mkitaka kugoma, gomeni. Mkitaka kufundisha, fundisheni.”

“Tukigoma watatumaliza, mzee.”

“Basi fundisheni.”

Nilimwuliza kama yeye haoni njaa. Akanijibu kwamba njaa yake hainihusu, akachukua chaki zake akaenda darasani.

Yeye nami tulipanga katika ua mmoja mtaani Kisugu, vyumba vyetu vikitazamana. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa safi, changu kilikuwa cha kambi ya polisi nilikozaliwa, na alipenda kunisahihisha.

Asubuhi ya kwanza nilijifunika blanketi nikiwa mzima kama ng'ombe. Nilimsikia mwalimu wa hesabu akitoka kwenda shule peke yake. Nilichokuwa nimesahau, na wenzangu wote walikuwa wamesahau, ni kwamba mgonjwa hutembelewa.

Walianza kuja kabla ya saa nne. Wazazi, majirani, hata watu nisiowajua. Mama mmoja muuza ndizi alipiga magoti mlangoni akanisalimu, akaweka mayai matatu chini ya kitanda.

“Pole, mwalimu. Homa hii ni kali?”

“Kali, mama.”

“Iwe kali,” alisema, akinitazama usoni. “Iwaunguze na wao kidogo.”

Alipotoka akaingia mwingine, mfanyabiashara wa Nakasero, kwenye maduka makubwa ya mjini, mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi kwa sababu walipewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Hakukaa. Alikuwa na mtoto shuleni kwetu.

“Mimi nikiumwa, duka linafungwa, sili,” alisema. “Nyinyi mnaumwa na bado mnataka kulipwa. Hiyo dawa yenu ipo, sebo, bwana mwalimu. Msiitafute sana.”

Mwenye nyumba aliniletea uji. “Mwanangu, kunywa. Hata uongo unahitaji nguvu.”

Nilicheka. Nilidhani tunashinda. Mji mzima ulikuwa ukizungumza nasi juu ya kitu kisichotajwa, kwa maneno ya homa na dawa, na wengi walikuwa upande wetu. Wachache walilalamika kwamba watoto wao wanazurura. Hao nao walileta ndizi.

Jioni mwalimu wa hesabu alirudi akitembea kama mtu anayetafuta ukuta. Alikuwa amefundisha madarasa yote peke yake, akipita mlango hadi mlango. Usiku nilisikia kitanda chake kikitetemeka, na siku ya pili hakuinuka kitandani.

Wageni walipojua kwamba naye amelala, walifurahi. Walivuka ua kwenda kumpongeza.

“Ahaa! Hata wewe, mzee! Tulikuwa tumeanza kukusema.”

“Mimi naumwa kweli,” alijibu. Meno yake yaligongana.

“Sote tunaumwa kweli!”

Kicheko kilifika hadi kwangu. Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyemgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka. Alinijia akasimama mlangoni. “Huyu yu moto,” alisema. “Kwinini hakuna duka lililo nayo. Mtafanya nini nyinyi wagonjwa wenye afya?”

Alasiri ya siku ya tatu, sajini mmoja wa jeshi akaja.

Alikuwa jirani yetu, mtu wa kaskazini, mrefu, binti yake akiwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa mtihani. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti changu pekee, akaangalia mayai chini ya kitanda.

“Mwalimu, mimi nasikia wewe iko mgonjwa.”

“Ndiyo, afande. Homa.”

“Pole sana. Walimu yote ya hapa iko na homa. Hii mbaya. Binti yangu iko na mtihani.” Alizungusha kofia mikononi. “Jeshi iko na hospitali muzuri. Dawa iko. Kesho asubuhi gari inakuja kuchukua mwalimu mgonjwa. Yule wa kule pia. Kama umepona, hapana shida.”

Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayenihurumia. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi nikitafuta mahali tishio lilipo, na sijapaona. Lakini watu wengi walikuwa wamepanda magari ya namna hiyo, na sote tulijua jamaa zao walivyozunguka kambi hadi kambi wakiuliza.

Alfajiri nilinawa, nikavaa shati la kazi na tai. Nilikwenda kwa mwalimu wa hesabu nikamwambia aamke, ajikaze tu mpaka barabarani, gari likija limkute amesimama. Nilimshika kwapani. Miguu yake ilikataa.

“Niache,” alisema. “Mimi sikudanganya mtu.”

Landrova ilisimama langoni. Sajini alinitazama toka tai hadi viatu.

“Wewe umepona?”

“Nimepona, afande.”

“Mungu mukubwa,” akasema, akanipita.

Askari wawili walimbeba mwalimu wa hesabu ndani ya blanketi lake. Mwenye nyumba aliwafuata na chupa ya uji, akawaambia hawezi kwenda tumbo tupu, na askari mmoja akaipokea. Gari lilikuwa limeshawashwa sajini aliporudi chumbani kuchukua viatu vya mgonjwa. Nilivishikilia viatu hivyo moyoni siku nyingi. Anayekwenda asikorudi, anapelekewa viatu vya nini?

Shuleni nilikuta walimu wote wamepona. Mwalimu wa jiografia alikuwa akiandika ubaoni. Niliuliza nani atakwenda hospitali ya jeshi kumjulia hali mwenzetu. Mmoja akafungua redio. Juma lile mishahara ililetwa, ya mwezi mmoja, nayo mingine hatukuisikia tena.

Mtaani upepo uligeuka. Muuza ndizi aliacha kuniita. “Mlicheza,” aliniambia niliposimama mbele yake. “Mkamtoa kafara mzee wa watu.” Wengine walisema alijitakia kwa kiherehere chake cha kufundisha peke yake. Uani walianza kumtaja kwa wakati uliopita: alikuwa mtu mwema, alikuwa hana maneno. Hakuna aliyekwenda kumtembelea. Nami sikwenda.

Kisha, baada ya majuma kadhaa, akarudi.

Alishuka kwenye Landrova ileile, amenyolewa, amenenepa kidogo, viatu miguuni. Alimrudishia mwenye nyumba chupa yake ikiwa imeoshwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, na sikumwona akiitumia tena. Mzee alitueleza kwamba aliwekewa dripu ya kwinini, kwamba daktari alikuwa mtu mstaarabu, kwamba sajini alipita kumwona kila jioni. Tulitikisa vichwa. Kila sentensi njema ilituongezea hofu. Ikiwa wengine hawakurudi, huyu amelipa nini, amemtaja nani?

Asubuhi aliyoanza tena kazi aliweka mfuko wa karatasi katikati ya meza ya ofisi ya walimu. Sukari, nyeupe, karibu kilo mbili.

“Nilipewa wakati wa kutoka,” alisema. “Ni yetu sote.”

Chai ilimiminwa. Vijiko vililala. Sukari ndiyo tuliyokuwa tumeinung'unikia kuliko hata mishahara, na sasa watu wazima walikuwa wakinywa chai chungu wakiangalia madirisha. Mzee aliketi akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu. Nilimwona akianza kuelewa.

Nilijiuliza tuna ushahidi gani. Hatukuwa nao. Tulikuwa na mtu mmoja aliyesema ukweli tangu mwanzo, na sasa ukweli huo ulimtenga nasi. Nikachukua kijiko, nikachota, nikakoroga. Mlio wake ulisikika chumba kizima. Nilikunywa. Ilikuwa tamu hata taya zikaniuma.

“Asante, mzee,” nilisema.

Alikuwa akiwatazama wenzetu, na wao sasa walikuwa wakinitazama mimi.

Kesho yake nilipofungua mlango wa ofisi, walikuwa wakizungumza. Wakanyamaza. Mmoja akanyoosha mkono, akafungua redio.