Mifarishi ya Wageni

Sharafat alikuwa amefunga vyombo vya watu wanaohama kwa miaka ishirini na sita, na mgongo wake uliikumbuka kila nyumba. Nyumba za mji wao wa Kharian hujengwa kwa mishahara ya vijana waliohamia Norwei. Kisha siku moja Norwei huja kuchukua kilichobaki: sufuria, picha za ukutani, mama mzazi.

Asubuhi hiyo ya Januari ukungu ulikuwa mzito hata lori halikuonekana kutoka mlangoni. Bibi Sughran, mjane aliyekuwa akimfuata mwanawe Oslo, aliketi juu ya kitanda cha kamba akijibu kila alichoulizwa. Sharafat aliandika. Forodha ya kule husoma orodha kwanza: kilichotumika hupita, kipya huzuiwa, na mzigo mzima huzuiwa nacho. Chini ya orodha huwa na sahihi ya mfungaji, na Sharafat hakuwa amewahi kuitia juu ya uongo.

Wakafika kwenye sanduku la bati, refu kama kitanda, alilokuja nalo Bibi Sughran siku ya arusi yake. Yaqub, mwenzake Sharafat wa miaka mingi, akalifunua. Mifarishi minne ya kujifunika, ya hariri, pamba yake bado imetuna, ikinukia majani makavu ya mwarobaini.

"Uliitumia mara ya mwisho lini, Mama?" Sharafat akauliza.

"Sijaitumia. Ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni wa maana. Mama yangu alishona kwa mkono wake, akaniambia nisimfunike mtu hivi hivi tu."

"Tangu lini?"

"Miaka arobaini na mmoja."

Yaqub akaangua kicheko. "Hao wageni wanakuja kwa miguu, Mama?"

"Wewe umeletwa kufunga. Anza na huo mdomo."

Sharafat akaishusha kalamu. "Mama, siwezi kuandika kwamba imetumika. Itabidi ibaki."

Bibi Sughran hakupandisha sauti. "Sanduku linabaki. Nyumba inabaki. Kaburi la mume wangu linabaki. Na hii nayo?"

Adhuhuri ilikuwa imefika, nao walikuwa wima tangu alfajiri. Wakaketi Sharafat, Yaqub na dereva wa lori kwenye sakafu ya saruji, wakala mikate ya mahindi na mboga ya haradali aliyowapikia Bibi Sughran. Sharafat alipojaribu kuinuka, kiuno kikakataa. Akaushika ukuta, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua, mwanamke yule alikuwa anatandika chini mazulia waliyokwisha kuyakunja. Juu yake akarusha mfarishi mwekundu, kisha wa kijani, kisha wa manjano.

"Laleni."

"Mama, miguu yetu michafu."

"Nimeuliza habari za miguu? Nimesema laleni."

Wakalala. Pamba ilimlemea Sharafat kifuani, nzito na yenye joto. Alikuwa amefungua na kufungasha vitanda vya watu maelfu. Hakuna aliyewahi kumwambia ajinyooshe. Usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kuona haya.

Alipoamka, Yaqub alikuwa anakoroma, udenda umeweka doa juu ya hariri ya kijani. Kwenye kitanda cha kamba Bibi Sughran alikuwa amelala chini ya mfarishi wa nne, wa buluu, umemfunika hadi kidevuni.

Sharafat akatafuta kalamu. Akaandika: mifarishi minne, imetumika. Akakunja mitatu polepole. Wa nne hakuugusa. Akaketi kando ya boksi lililo wazi, mkono kiunoni, akimngoja mwenyewe aamke.