Mama Aliyenifundisha Kusoma Baridi

Najua utanicheka, na hata mimi ningecheka kama si mimi niliyekuwa majini. Lakini niamini, haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Jordbro, kitongoji cha jiji kuu la Sweden. Mume wangu Anders, Msweden, alikuwa na wazimu wa kuzamia majini kwa mtungi wa hewa, nami nikajiunga na klabu yake ili nisibaki nyumbani peke yangu kila Jumamosi. Kuogelea hakukunisumbua, mimi mzaliwa wa Kisauni, pwani. Kilichonishinda ni kompyuta ya kuzamia, dude kama saa nene la mkononi, limejaa namba. Mwalimu alieleza kwa Kiswidi cha mbio, nami nikaitikia tu kwa kichwa.

Jioni moja baada ya mazoezi ya bwawani, nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo nikiligeuzageuza lile dude, karibu nilie. Nikasikia, "Wasumbuka na nini, mwanangu?"

Kiswahili cha kwetu! Mama wa makamo ameketi benchi la pembeni, amejifunga leso. Sikumwona akiingia, lakini ningejali nini? Wewe ushawahi kukaa miezi bila mtu kukuita mwanangu?

Akanishika mkono, akanielekeza polepole. Hiki ni kina. Huu ni muda uliokaa chini.

"Na hii inayopungua, mama?"

"Hiyo ni baridi ya maji tu. Usiiogope. Ikifika sufuri, baridi yote huisha, wasikia joto."

Nikainama kufunga begi. Nilipoinuka, benchi lilikuwa tupu. Nikadhani amekwenda sauna, kile chumba cha joto cha klabu.

Kiangazi tukaenda kuzamia kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kusini mwa jiji. Anders mbele, mimi nyuma na tochi yangu. Maji ya kule huwa kijani, kisha kahawia, kisha giza. Humo gizani, chini yangu, nikamwona. Leso ileile, na haikupepea. Hana mtungi, hana miwani, na mdomoni mwake halitoki povu hata moja. Akaniita kwa mkono.

Unajua kinachonitisha mpaka leo? Sikuogopa. Nilimfuata. Kadiri nilivyoshuka, ile namba ilikimbia: kumi na mbili, nane, tano. Na vidole vyangu, naapa, vikaanza kupata joto.

Kompyuta ikalia. Nikaitazama, na kwenye kona nikaona tarakimu ndogo ambayo sikuwahi kuijali: nne, na kiduara cha digrii juu yake. Kumbe baridi ilikuwa pale! Basi ile nyingine, iliyokwisha kufika mbili, ilikuwa inapunguza nini?

Nikapiga mateke kupanda. Kitu kikanishika kifundo cha mguu, kwa upole, kama mzazi anavyomzuia mtoto asitoke nje. Nikavuta, nacho kikavuta. Ndipo Anders akanidaka mkanda wa mtungi, tukapanda pamoja, taratibu.

Tulipofika ukingoni Anders akaivua miwani yake. "Ulikuwa unakwenda wapi? Nimegonga mtungi, hukugeuka!"

"Ile namba inayopungua ni nini?"

"Ni dakika ulizobakiwa nazo za kukaa chini! Ikifika sufuri, kupanda moja kwa moja kunaua, lazima usimame njiani, na hewa ya kusubiri njiani hukuwa nayo. Nani alikwambia vingine?"

Nikamweleza habari za yule mama. "Mwafrika klabuni ni wewe peke yako," akasema.

Ningejiambia niliota, lakini majira ya baridi alikuja mwanachama mpya, Jari, ambaye mama yake ni Mfini. Nilipotaka kumwonyesha kompyuta, akakataa: ameshafundishwa na bibi mmoja pale saunani, tena kwa Kifini safi.

Nikamuuliza, "Alikwambia nini kuhusu namba inayopungua?"

Akacheka. "Si ni baridi tu?"

Tangu siku hiyo kila mgeni nakaa naye mwenyewe, bwawani na saunani, mpaka atoke mlangoni. Wengine huniona kero, na waone. Nawe, siku utakapojifunza jambo linalobeba uhai wako, akatokea mtu wa kukueleza kwa sauti tamu ya nyumbani kwenu, msikilize. Lakini usishuke kabla hujamuuliza na mwingine, hata kama lugha ya huyo inakukwaruza masikio.