Maji ya Pilau ya Bi Mwanakuu

Wapishi Majengo walikuwa wengi, lakini mpishi wa shughuli alikuwa mmoja tu, Bi Mwanakuu binti Abdulghafur. Iwe harusi, iwe hitima, iwe maulidi, alikuwa akiitwa yeye. Alikuwa mrefu, mkavu, na mdomo wake mkali. Nyumba yake na yangu zilipakana ukuta, nami nasema bila haya kwamba nilimpenda na nilimwogopa vilevile.

Kazi ya shughuli hailipwi. Jirani akiwa na harusi, wanawake huenda kuchagua mchele na kumenya vitunguu, na mpishi hupika kwa heshima. Riziki yake Bi Mwanakuu ilikuwa mahamri aliyoyauza barazani kila asubuhi, na kwa mahamri hayo, baada ya kufiwa na mumewe, alimsomesha binti yake wa pekee, Mahfudha. "Mimi sijui hata kuandika jina langu," alikuwa akituambia, "lakini huyu atakuwa mwalimu, mpende msipende."

Mwaka wa tatu wa Uhuru mfereji wa maji wa mtaa ukafungwa. Bwana Kamaludin, karani aliyesimamia maji upande wetu na ambaye nyumba yake ilikuwa papo hapo mtaani, alikuja mwenyewe akatia kufuli. Akasema bomba limepasuka chini ya ardhi na kipuri chatoka Ulaya. Tukangoja. Bandarini meli zilishusha ngano, zikashusha saruji, kipuri cha Majengo hakikushuka. Ikaja mikokoteni ya shemeji yake Kamaludin, imebeba mapipa ya maji ya kuuza.

Waliokaa kwenye majumba ya upande wa bahari walifungua maji jikoni mwao kwa bei ya serikali. Sisi tusio na kitu ndio tuliolipa maradufu. Nikilikumbuka hilo hata leo damu hunichemka. Tulikwenda kulalamika ofisini, tukaambiwa turudi kesho, na kesho tukaambiwa turudi na chai ya mkubwa. Nyumba ya Kamaludin ikaota ghorofa, nasi tukazidi kukonda.

Bi Mwanakuu hakuweza kununua maji ya mahamri na bado apate faida. Akamtoa Mahfudha shuleni amtekee maji ya bure kisimani Tononoka, kwenye foleni ya kutwa. "Wiki moja tu," alisema. Muhula mzima ukapita. Kisha mwalimu akatuma salamu: shule zikifunguliwa na mtoto hajarudi, nafasi yake atapewa mwingine. Siku hiyo nilimwona Bi Mwanakuu akilia juu ya unga, na sikuwa nimewahi kumwona akilia hata matangani.

Haukupita muda, Bi Swabaha, mke wa Kamaludin, akaja kubisha hodi. Binti yao alikuwa anaolewa na watu wa Mji wa Kale.

"Shikamoo, Bi Mwanakuu. Nimekuja kukutaka. Mwana ni wako, na pilau haina mwengine."

"Marahaba. Nitakuja, inshallah."

Alipotoka tukamrukia. Mapishi ya nini kwa watu waliotukausha koo? Kamaludin na alete wapishi wa hoteli, aone wakwe watasemaje!

"Bibi harusi amenikosea nini?" alitujibu. "Nitapika. Na nitapika vile nipikavyo siku zote." Tuliudhika naye, lakini tulikwenda.

Siku ya harusi uani palijaa. Tulikuwa tumeshachagua mchele, masufuria yako mekoni, na wanawake wa Mji wa Kale wamekalishwa kwenye mikeka, mbele yao shangazi wa bwana harusi, bibi mzito mwenye macho ya kuona kila kitu. Mapipa ya shemeji yakaingizwa, maana maji ya nyumbani hayakutosha shughuli. Bi Mwanakuu hakuwahi kupikia maji asiyoyaonja. Akachota kwa kata, akanusa, akampa Bi Swabaha.

"Onja, mwanangu."

Bi Swabaha akapiga funda moja, akatema papo hapo. "Yanuka mafuta ya taa!"

"Ndiyo. Ni mapipa ya mafuta. Sisi twayanywa tangu mfereji ufungwe, na watoto wetu wayanywa. Lakini siwezi kuwapa wakwe zako."

Bi Swabaha aliinama, na nadhani alikuwa hajui kweli. Kwake yeye maji yaliletwa kwa gari.

"Kwani mtaa huu hauna mfereji?" akauliza shangazi.

"Upo, mama, ule pale mbele. Wangoja kipuri cha Ulaya."

Shangazi akautazama mchele, akayatazama masufuria matupu. "Basi na tungoje sote," akasema, akajiegemeza ukutani.

Bi Swabaha akatoka kwenda upande wa wanaume. Tulisikia sauti yake ikipanda, na yeye si mtu wa kupaza sauti. Mara Kamaludin akatokea na kanzu yake mpya, hamtazami mtu, akaenda moja kwa moja kwenye mfereji, akatoa ufunguo mfukoni. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, hayana walakini. Sisi tuliomfuata na madebe yetu tulisimama tukitazamana.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanakuu akasema kwa sauti ya kufika mbali, "kipuri kimewasili."

Tulicheka hadi tukashikana mabega, na vigelegele vilivyofuata sidhani kama vilikuwa vya bibi harusi. Pilau ile watu waliisifu mpaka Kuze, huko Mji wa Kale.

Kamaludin hakufungwa, wala ghorofa haikubomolewa. Mkubwa wake pia alibaki kitini. Lakini Bi Mwanakuu alihamishia karai lake la mahamri kando ya mfereji, nasi tukakaa naye kwa zamu, na aliyetumwa kuja kutia kufuli jipya alitukuta tumejaa pale. Akanunua mahamri, akaenda zake. Mikokoteni ikakosa wateja.

Shule zilipofunguliwa, Bi Mwanakuu alivaa buibui lake zuri akamfikisha Mahfudha mlangoni mwa darasa. Mwalimu akauliza mtoto alikuwa wapi muhula mzima.

"Alikuwa akiteka maji," akasema. "Amemaliza."