Dereva wa Treni Hakuwa na Jina

Juzi nilisikia honi ya treni sebuleni kwangu. Ndiyo, treni, hapa Musaga, katika mji ambao haujawahi kuwa na reli hata ya kuchezea. Nilikuwa jikoni nachambua mboga za lengalenga, nikaacha yote nikaenda kuangalia. Kumbe ni Kelia, binti wa dada yangu, kajilaza kwenye kochi na simu yake, anatazama filamu. Nilitupa jicho mara moja tu nikaitambua. Ile ile! Daraja lile, mvua ile, na yule mwanamume aliyeficha baruti chini ya koti. Pua yangu ikanusa petroli ya jenereta, ingawa umeme ulikuwepo na jenereta sina.

Harufu hiyo ni ya banda la video la Kanyosha, lililoezekwa mabati, lenye mabenchi ya kutoboa suruali na jenereta inayokohoa nje ya mlango. Kila Jumapili baada ya misa baba alinipeleka pale. Filamu zilikuwa za lugha za watu, kwa hiyo mbele kabisa, karibu na televisheni, alikaa bwana mmoja tuliyemwita Mufasiri, na mikrofoni yake iliyofungwa plasta. Alidai anajua Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Uongo mtupu! Kijerumani chake kilikuwa kukoroma. Lakini alikuwa na desturi moja tuliyoipenda sana: kila mzungu alimpa jina la kwetu na mtaa wa kwetu. "Filamu bila majina ni makelele," alisema. Basi mlipuaji akawa Kabura wa Musaga, msichana wake akawa Joziane wa Buyenzi, na mbwa wa walinzi akaitwa Simba.

Sasa niwaambie kanuni za filamu ya kulipua reli, maana nilizijua kabla sijamaliza kujifunza Baba Yetu. Stelingi hafi. Hiyo ndiyo amri kuu. Mlinzi wa daraja lazima aende kukojoa saa ile ile stelingi anapopita; sijui walinzi wale walikuwa wananyweshwa nini. Mwenzake stelingi akitoa picha ya mchumba mfukoni akaibusu, muombeeni, huyo hafiki asubuhi. Msaliti utamjua kwa jasho, hata kama kuna baridi ya kugandisha maziwa. Na waya wa baruti lazima ukatike dakika ya mwisho, stelingi aurudie kwa kutambaa, treni inapiga honi, pooo! pooo!, na banda zima limeshapanda juu ya mabenchi. Halafu mlipuko. Mabehewa yanaporomoka mtoni moja baada ya jingine, sisi tunapiga makofi mpaka viganja vinawaka. Eti ushujaa! Mtu kajilaza kwenye majani, kabonyeza kitu, kaondoka na msichana. Ptu!

Katikati ya upuuzi huo kuna kipande kifupi mno ambapo dereva wa treni anaonekana. Mzee wa masharubu, uso umejaa masizi, anafuta jasho kwa kitambaa. Basi. Ukipiga chafya umemkosa.

Baba yangu alikuwa dereva. Aliendesha Hiasi ya abiria kwenye barabara ya kusini, mjini mpaka Rumonge, na yeye pia alikuwa na kitambaa, cha buluu, hakikukosa begani. Jumapili moja, makofi yakiwa bado yanalia, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mufasiri! Na dereva?"

"Dereva gani?"

"Ule wa treni. Jina yake ni nani? Ni mutu wa wapi?"

Banda zima likacheka. Mufasiri akasogeza mikrofoni mdomoni. "We Papa Inès, unapenda maneno! Dereva ni dereva. Ule hana jina. Acha batu baone filamu."

"Hata imbwa umeipa jina," baba akasema.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nami nilimvuta shati akae chini, maana watoto wa shule yetu walikuwa wanatutazama. Njiani kurudi nyumbani hakukasirika. Alininunulia karanga, akasema tu, "Inès, siku ya mabaya, mwenye usukani ndiye anafika wa kwanza." Nilidhani anajisifu.

Ilikuwa miaka ya krize, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na barabara ya kusini ilikuwa inakula magari. Kila asubuhi mama alimfanyia baba ishara ya msalaba mgongoni, baba akijifanya hajui. Jioni moja ya kiangazi hakurudi kwa saa yake. Majirani wote wa parseli yetu, ua mmoja, walikusanyika kwenye dirisha la Mama Furaha, mama mmoja aliyekimbia kutoka Uvira, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na redio yenye betri nzima, na mtoto wake wa kiume alipanda gari la baba asubuhi ile. Mama yangu alikuwa amesimama na mwiko wa bugali mkononi. Redio ikasema gari la abiria limeshambuliwa kwenye barabara ya kusini. Redio ikasema abiria wote wamesalimika.

Wakapiga makofi. Wallahi, walipiga makofi! Mama Furaha akaanguka magoti akalia, "Asante Yezu, asante Yezu!" Watu wanakumbatiana, watoto wanaruka. Katikati ya furaha hiyo nikasikia sauti ya mama yangu, ndogo, "Na dereva?"

Redioni wimbo ulikuwa umeshaanza.

Kwenye matanga alikuja mmoja wa abiria, bwana wa suti ya kahawia, mfanyakazi wa ofisi. Akapewa kiti kizuri na kinywaji, akaombwa asimulie. Mungu wangu, alisimulia! Alivyotambaa kwenye nyasi, alivyobana pumzi, miiba ilivyomchana, saa yake ya mkono ilivyoendelea kwenda tik tik tik. Stelingi mtupu. Na baba yangu? "Ah, dereva akapiga kelele tutoke, tukimbilie kwenye michikichi. Halafu akaingiza gia, akaenda na gari mbele, peke yake, risasi zikamufuata." Alisema hayo kwa pumzi moja, akarudi kwenye kiatu chake kilichopotea. Kiatu kilipata maneno mengi kuliko baba. Nilikuwa mtoto, sikujua niite nini kile nilichokihisi. Leo najua: ni dharau, na haijanitoka.

Mama akasimama. "Dereva alikuwa anaitwa Gaspard."

"Pardon, Mama. Sikujua."

"Ulipanda gari yake kila Jumatatu."

Yule bwana akatazama chini, kinywaji kikabaki kwenye glasi.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba siku ile kwenye banda baba hakuwa anatania wala kujisifu. Alikaa pale kwenye benchi, kitambaa begani, akitazama kifo chake mwenyewe kikipigiwa makofi, akaomba kitu kimoja tu. Hakuomba dereva apone. Alijua filamu haina huruma ya kiasi hicho. Aliomba jina, basi, jambo ambalo lingemgharimu Mufasiri pumzi moja. Na mimi nilikuwa namvuta shati.

Juzi, basi, nimesimama nyuma ya kochi na mikono inanuka lengalenga. Mlinzi akaenda kukojoa, kama kawaida yake. Waya ukakatika. Honi ikalia, daraja likaenda, na Kelia, binti wa watu, akapiga ngumi hewani. "Tantine, umeona? Wote kwisha!"

"Na dereva?" nikamuuliza.

Macho hakuyatoa kwenye simu. "Dereva gani, Tantine?"

Nikamnyang'anya simu. Nikarudisha filamu nyuma kwa kidole changu chenye maji, nikapitiliza, nikarudi tena, mpaka nikampata: masharubu, masizi, kitambaa kwenye paji la uso. Nikamsimamisha hapo.

"Huyu," nikamwambia. "Anaitwa Gaspard. Ni babu yako."