Nilipokuwa Masikio ya Papa

Kabla ya kuuona mtambo wenyewe niliusikia: mvumo mzito, usiokatika, ukitoka kwenye kibanda cha papa, baba yangu, pamoja na harufu ya risasi ya kuungia waya iliyoyeyushwa. Ilikuwa ampli ya zamani, ya zile zenye taa za kioo zinazowaka kwa ndani. Mwenyewe, mzee wa duka la vitambaa pale sokoni Rumonge, alitaka ipige muziki kwenye arusi ya binti yake Jumamosi. Papa alikuwa fundi hodari, ila miaka aliyofanya kazi kwenye mashine ya kukamulia mawese kule Minago ilikuwa imemharibia masikio. Mtu akiongea mbele yake alimsikia. Mvumo wa ampli hakuusikia. Kwa hiyo masikio yake yalikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa mbele ya spika, yeye akigusa waya mmoja baada ya mwingine, nami nikimwambia umezidi au umepungua. Dada zangu walikwenda ziwani kuteka maji, mimi nilikaa na papa. Niliringa kweli.

Kiangazi hicho ndipo baba mdogo aliporudi kutoka Tanzania na mke wake na binti yao Evelina, wakafikia kwetu. Evelina alikuwa rika langu. Alisema Kiswahili kilichonyooka, majirani wakamsifu, na hilo nililivumilia. Lililonishinda ni pale alipoingia kibandani siku ya Jumatatu bila kuitwa na kukaa kando yangu. Papa alikuwa amebadilisha kapasita, kidude cha ndani kilichokuwa kimevimba, mvumo ukapungua lakini haukuisha. Evelina alisikiliza, kisha akapapasa meza. Papa alikuwa ameifunika kwa bati la pipa la mawese lililonyooshwa kwa nyundo, akaliunganisha na waya wa ardhi ili umeme usimpige.

"Baba mkubwa," Evelina alisema, "hebu iweke ampli juu ya kreti la mbao, isiguse bati."

Papa akaiweka. Nikasikia kuku wakiparua nje.

"Umekwisha. Hausikiki kabisa."

"Murakoze, mwanangu," papa alimshukuru kwa Kirundi. Miaka miwili nilikuwa masikio yake na hakuwahi kuniambia murakoze. Kisha akanigeukia mimi, kama ilivyokuwa desturi yetu. "Spesi, ni kweli?"

"Hapana, papa. Iko inavuma bado."

Aliniamini mimi. Akairudisha ampli mezani, na siku tatu akafungua vifaa visivyo na ubovu, akavichomoa na kuvirudisha, macho yamemwiva kwa moshi wa risasi. Evelina hakubisha; alikuwa mgeni, na mgeni hampingi mtoto wa mwenye nyumba. Alinitazama tu. Mimi nilikuwa na furaha, nifiche nini? Kila papa aliponiuliza nilijibu bado, na mezani kwenyewe wala sikuwa nadanganya, maana juu ya bati ilivuma kweli.

Alhamisi, akiwa amechoka, papa aliweka vidole juu ya karatasi ya spika. Ilitetemeka. Akainua ampli, akaiweka juu ya kreti, akagusa tena. Ilikuwa imetulia. Alirudia mara ya pili, polepole, nami nimesimama mlangoni.

"Spesi," alisema, "wewe uliniambia bado."

Hakunichapa. Jumamosi ampli ilipiga safi, tukala pilau ya arusi, na hakuna aliyejua lolote. Kazi nyingine ilipoingia Jumatatu, alimwita Evelina. Nilichukua kidumu nikawafuata dada zangu ziwani.

Siku hizi kibanda ni cha Evelina. Watu wanamletea redio na spika kutoka Gatete mpaka Kabezi, naye ndiye anayempa papa dawa na kumkata kucha. Mimi ni mwalimu Bujumbura, nina heshima yangu, na bado namwonea wivu. Masikio ya papa yamekufa kabisa, anasoma midomo. Tangu Alhamisi ile sijamdanganya tena, hata kwa jambo dogo. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, tukakaa nje watatu. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Kongo, nikamwambia mvua inakuja, tuingie ndani. Alinielewa, nilimwona. Kisha akamgeukia Evelina, akangoja mpaka aitikie kwa kichwa, ndipo akanyanyuka.